Moyo wa dada ulipona, mzembe nilikuwa mimi!

Wiki hii uniwie radhi, kwani hatutazungumza habari za mapenzi, mitindo ya mavazi, wala nani kaonekana na nani kwenye harusi ya nani. Wiki hii nataka kusema kosa langu hadharani, maana kulibeba peke yangu nimeshindwa. Huenda na wewe unalo kama hilo nyumbani kwako na hujui.

Dada yangu ndiye mtoto wa kwanza kwetu, mimi ni kitinda mimba. Yeye ni fundi cherehani. Ada yangu ya sekondari, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilitoka kwenye cherehani yake. Kila ukiniona nashika kalamu na kujifanya mwandishi, ujue kuna sketi na magauni mengi ya watu yaliyoshonwa usiku kwa taa ya kibatari ili mimi nikae darasani. Sijasema hivyo kukuliza. Nataka tu ujue ninadaiwa kiasi gani.

Miaka kadhaa iliyopita dada akaanza kuchoka. Akipanda ngazi tatu anahema kama aliyekimbia mbio za uwanja mzima. Usiku analala kwa mito mitatu, akiteremsha kichwa pumzi inambana. Jioni miguu inavimba, viatu haviingii. Mtaani kwetu Mbagala kila mtu alikuwa daktari. Huyu anasema pumu, yule anasema ni damu kidogo anywe maji ya rozela, na wale wa barazani wakaapa kwamba kuna mteja kamfunga kwa sababu ya gauni lililoharibika. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hatujamfikisha kwa watu wanaojua moyo.

Wakampima kwa ile mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo kama televisheni. Daktari akatuita, mimi na mama. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya kwenda mikoani, wakati huo alikuwa njiani. Daktari akatueleza kwamba moyo una milango minne, inaitwa valvu, inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mlango mmoja wa dada, upande wa kushoto, ulikuwa umekakamaa kama bawaba iliyoshikwa na kutu. Haufunguki vizuri, na ukifunguka haufungi.

Mama akauliza imetoka wapi balaa hii. Daktari akamuuliza kama dada alipokuwa mtoto aliwahi kuugua koo mara kwa mara, kisha akavimba magoti na viwiko. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema ndiyo, akiwa darasa la tatu, tukadhani amechezea baridi. Kumbe ndiyo yenyewe. Kuna vijidudu vya koo ambavyo visipotibiwa kwa dawa inayofaa, mwili wa baadhi ya watoto unapopigana navyo unaishia kujipiga wenyewe, kwenye viungo na kwenye valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo vinapona, mtoto anarudi kucheza rede. Moyo unabaki na kovu, na kovu linakua naye.

Basi dada akafanyiwa operesheni. Hospitali naiacha bila jina, maana hadithi hii si ya kulaumu mtu isipokuwa mimi. Nikukumbushe tu kwamba zamani mgonjwa wa aina hii alikuwa anasubiri kupelekwa India, na wengi walifia kwenye foleni. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika pale Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kwa hiyo siku hizi mtu anaweza kufunguliwa kifua hapa hapa Dar es Salaam na ndugu zake wakaja na uji kwenye chupa ya chai.

Walimfungua kifua, moyo ukasimamishwa na mashine ikafanya kazi yake, ile valvu mbovu ikatolewa na kuwekwa ya kutengenezwa. Sisi tunaiita valvu ya chuma, ingawa daktari anasema vile vibawa vyake ni vya kaboni ngumu. Fundi wa mambo haya wa mwanzo alikuwa daktari wa Marekani aitwaye Albert Starr, aliyeshirikiana na injinia mstaafu Lowell Edwards. Mwaka 1960 valvu yao ya kwanza iliwekwa mjini Portland. Toka hapo zimeboreshwa sana.

Dada alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Analala kwa mto mmoja! Wiki ya nane alikwenda sokoni mwenyewe. Tukapika pilau, jirani wakaja, yule wa habari za kufungwa akala sahani mbili. Usiku mtoto wake wa mwisho alilala kifuani kwake, asubuhi akaja kuniambia, "Mjomba, mama kameza saa." Kweli, ukimkaribia dada pakiwa kimya unaisikia ile valvu, tik, tik, tik. Tukacheka mpaka machozi.

Haya, sasa nakuja kwenye kosa langu.

Siku ya kuruhusiwa, sista wa wodi, mama wa makamo mwenye miwani ya kufunga kwa kamba, alituita pembeni. Akatoa kidaftari kidogo cha kijani na vidonge. Akasema vidonge hivi vinaitwa wafarini, dada atavimeza kila siku saa ile ile mpaka mwisho wa maisha yake. Damu ikigusa kitu kigeni inataka kuganda, na valvu ya kutengenezwa ni kitu kigeni. Dawa inaizuia isigande. Ikiwa kidogo, donge linajitengeneza kwenye valvu, linakwama hapo au linachomoka kwenda kwenye ubongo. Ikizidi, mtu anatoka damu isiyokatika. Kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara, kipimo kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hii ana kama 1. Dada alitakiwa abaki kati ya 2.5 na 3.5. Kila namba iandikwe kwenye kidaftari, na tarehe ya kurudi.

Kisha sista akanitazama mimi. "Wewe kijana ndiye umesoma hapa?" Nikasema ndiyo, nimemaliza kidato cha nne. Akaniwekea kidaftari mkononi. "Basi msimamizi ni wewe. Operesheni sisi tumefanya nusu. Nusu iliyobaki ni hii."

Nikamjibu, "Ondoa shaka, sista." Maneno mepesi hayo!

Miezi sita ya kwanza nilikuwa askari. Alfajiri tunadandia daladala, tunapanga foleni, dada anatobolewa kidole, naandika 2.8, naandika 3.1, tunarudi. Kisha mambo yangu yakaanza kunyooka. Nikapata kona ya kuandika kwenye magazeti, nikaanza kualikwa kwenye shughuli, nikawa na washikaji wa mjini. Kwenda kukaa foleni asubuhi nzima kwa ajili ya namba moja nikaona ni kupoteza muda. Nikawa natuma nauli kwa simu. "Dada umekwenda?" Ananijibu, "Nimekwenda, mdogo wangu, usijali." Nami sijali.

Hakuwa amekwenda. Nauli ile alikuwa ananunulia madaftari ya watoto na nyuzi za cherehani. Na vidonge vilipokwisha alivigawa nusu nusu vifike mwisho wa mwezi. Alikuwa na sababu zake. Alijisikia mzima! Unamwambiaje mtu anayepanda ngazi bila kuhema kwamba bado ni mgonjwa? Na jirani mmoja alimwambia dawa za kila siku zinaharibu figo, na kwamba aliyepona anapaswa kushukuru Mungu, si kuendelea kumeza.

Ikafika Jumanne moja. Dada alikuwa anakata kitambaa cha sare za kwaya. Mkasi ukamdondoka. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu kumwambia msichana wake wa kazi kitu, maneno yakatoka yamevurugika kama ya mlevi. Mdomo ukaenda upande. Msichana akakimbia nje anapiga kelele.

Nilipofika hospitali daktari aliuliza swali moja tu. "Kidaftari kiko wapi?"

Kilikuwa kwangu. Kwenye begi langu, chini ya kadi za mialiko ya shughuli. Akakifungua. Mwandiko wa mwisho ulikuwa wangu, wa zaidi ya miezi minne nyuma. INR ya siku ile ilikuwa 1.2. Yaani ni kama dada hakuwa anatumia dawa kabisa. Daktari hakunikaripia. Sista mwenye miwani alipita, akaniona nimeshika kile kidaftari, akaendelea na safari yake. Afadhali angenizaba kibao.

Dada hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia haukurudi wote. Anaongea vizuri, anatembea, anapika. Kukata kitambaa kwa mstari ulionyooka hawezi tena. Fundi wa kukata sasa ni yule msichana, dada anaelekeza akiwa amekaa. Mkono ule ndio ulionisomesha, msomaji wangu.

Baada ya hapo nilifanya kile wanachofanya watu wenye hatia, nikatafuta njia ya mkato. Binamu yetu anafanya kazi Muscat. Nikampigia, nikamlilia. Akaniambia, "Mbona huku kuna vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, havitaki kupimwapimwa, unameza basi? Nitatuma." Nikaona mbingu zimefunguka. Hakuna foleni, hakuna kidaftari, hakuna mimi kusahau tena! Vikaja, boksi mbili, zinang'aa. Nilikuwa nimebakiza kumpa dada jioni ile ile.

Kilichonizuia ni woga tu. Nilishamuumiza mara moja. Nikavibeba mpaka kliniki, nikamwonyesha daktari. Akavishika, akavigeuza, akavisukuma mbali naye mezani. "Hivi si vibaya. Vinasaidia watu wengi wenye matatizo mengine. Lakini kwa mwenye valvu ya chuma, hapana. Na hatusemi hivyo kwa kubahatisha. Walijaribu."

Hilo neno "walijaribu" likanikaa kichwani. Nikaanza kusoma. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kamusi yangu imechanika kurasa za mwisho, lakini nilisoma. Nikawa napeleka maswali kwa daktari kila mwezi mpaka akanizoea.

Kumbe ni kweli walijaribu. Watafiti walichukua wagonjwa 252 wenye valvu za chuma, baadhi wakapewa wafarini na wengine dawa mpya iitwayo dabigatrani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Jaribio lenyewe lilibidi lisimamishwe kabla ya wakati. Kwenye kundi la dawa mpya watu 9 walipata kiharusi. Kwenye kundi la wafarini, hakuna hata mmoja. Na hao wa dawa mpya ndio waliotoka damu zaidi. Wengine wakasema labda dawa nyingine ya ukoo huo itafaa, wakajaribu apiksabani kwa wagonjwa 863 waliowekewa aina fulani ya valvu kwenye mlango wa kutokea damu. Hilo nalo lilisimamishwa mwaka 2022. Madonge yalikuwa mengi kwa waliopewa dawa mpya.

Kisha kuna ule utafiti ulionishangaza zaidi, kwa sababu ulifanywa kwa watu kama sisi. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Hawa hawakuwa na valvu za chuma. Wengi walitegemea kwamba dawa mpya, rivaroksabani, ingefanya vizuri, kwa kuwa haihitaji foleni ya kipimo. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Waliokuwa kwenye dawa za kizamani, za ukoo wa wafarini, ndio waliokufa wachache. Wapo waliojiuliza: je, inawezekana ule usumbufu wenyewe wa kurudi kupimwa, kuonana na mtu anayekuuliza hali, nao unasaidia? Daktari wangu anasema hilo halijathibitishwa. Lakini aliponiambia niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Na usiidharau wafarini kwa uzee wake. Hadithi yake ingefaa sinema. Miaka ya 1920 kule Marekani na Kanada ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutoka damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe wake aliyekufa pamoja na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda, akaendesha gari kwenye theluji mpaka chuo kikuu kutafuta msaada. Huko mwanasayansi Karl Paul Link na vijana wake wakahangaika miaka mpaka wakaipata kemikali iliyokuwa inaua ng'ombe. Toka hapo ikatengenezwa ndugu yake yenye nguvu zaidi, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kama nini, unadhani? Sumu ya panya! Binadamu walianza kuitumia kama dawa mwaka 1954. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo, akapewa hiyo hiyo. Nilimsimulia dada. Sasa kila saa mbili usiku anamwambia mwanawe, "Niletee sumu yangu ya panya na maji."

Sasa jambo la muhimu kuliko yote niliyosoma ni hili. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliounganisha majaribio 11 yenye watu zaidi ya 6,400 wanaotumia dawa za aina hii. Walilinganisha wale wanaosubiri kupimwa kliniki na wale waliofundishwa kujipima wenyewe kwa kimashine kidogo cha kutoboa kidole. Kwa waliojipima, matatizo ya madonge yalipungua karibu nusu. Wenye valvu za chuma walikuwa miongoni mwa walionufaika, na walio chini ya miaka 55 walinufaika zaidi. Vifo kwa ujumla havikupungua, nisikudanganye. Lakini nusu ya madonge! Hakuna dawa mpya hapo, hakuna kisu kipya. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa alifundishwa, akaijua namba yake na kuifuatilia.

Hapa kwetu kimashine hicho na vile vijikaratasi vyake si vya mfuko wangu. Lakini nilijiuliza, je, kujua namba nako kunahitaji kimashine? Hapana. Kunahitaji kidaftari na mtu asiyekisahau chini ya kadi za mialiko.

Na tatizo si la dada peke yake. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa baridi yabisi ya moyo katika hospitali 25, nchi 12 za Afrika, wakiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen. Mmoja wa waliouongoza alikuwa Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018. Umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28. Umri wa kuoana, mpenzi msomaji, umri wa kulea! Na kati ya waliokuwa wakipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa kwenye kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo vidaftari vilivyosahauliwa kwenye mabegi ni vingi, na walioshika mabegi hayo ni watu wanaowapenda ndugu zao, kama mimi.

Sasa nyumbani kwetu kuna utaratibu. Kwenye ukuta wa jikoni kuna kalenda. Siku ya kipimo imezungushiwa kalamu nyekundu, na watu watatu wanaijua: mimi, shemeji na yule msichana wa kazi. Akisahau mmoja, wawili wapo. Dada mwenyewe anaandika namba yake, kwa mkono wa kushoto, mwandiko umepinda lakini unasomeka. Nauli ya kliniki haitumwi tena kwa simu. Naileta mwenyewe, na ninapanda naye gari.

Tumejifunza na mengine ambayo nakuomba uyakate na kuyabandika kama unaye mtu wa hivi. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini inayopunguza nguvu ya wafarini. Haina maana asile. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, asikae mwezi bila mboga halafu akafakamia kisamvu siku tatu mfululizo. Dawa za maumivu za dukani asimeze bila kuuliza, nyingine zinaongeza kutoka damu. Vidonge vya kuhara vya aina ya metronidazo vinaipandisha dawa, na baadhi ya dawa za kifua kikuu zinaishusha. Dawa za mitishamba aziseme kliniki, asifiche. Akitaka kung'oa jino, amwambie mganga wa meno mapema kwamba ana valvu ya kutengenezwa, ili apewe dawa ya kuzuia vijidudu kwanza. Na kama ni mwanamke anayetaka mtoto, aongee na daktari kabla ya mimba, si baada, maana dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kiholela kunaweza kumuua mama.

Na mwenye mtoto anayelalamika koo kila mara, ukiongeza na viungo kuvimba, asimwambie kachezea baridi. Ampeleke akapimwe. Penisilini kwa wakati wake ni rahisi kuliko kisu.

Niliwahi kumuuliza dada kama ananilaumu. Tulikuwa kwenye benchi la kliniki, watu kama arobaini mbele yetu. Akanitazama kama alivyokuwa ananitazama nikimletea ripoti mbaya ya hesabu. Akasema, "Mimi nilikudanganya kwamba nimekwenda, na wewe ukakubali kudanganywa. Tuko sare. Kaa hapo, usipoteze namba yetu ya foleni." Basi nikakaa.

Mwezi huu alipimwa, 2.9. Ameandika mwenyewe, akanionyesha na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukimaliza kusoma ukurasa huu kabla hujageukia wa michezo, mpigie yule ndugu yako aliyetoka hospitali mwaka jana na kupikiwa pilau. Usimwulize kama hajambo, atakwambia hajambo. Mwulize namba yake ya mwisho ilikuwa ngapi na tarehe gani. Akisita kujibu, vaa viatu uende.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na hapo tutarudi kwenye mambo yetu ya harusi.